Mastaa Wanacheza Treni Sebuleni, Ila Mchezo Wenyewe Tabora Waliucheza Kweli kwa Zaidi ya Miaka 100

Kuna mwimbaji mmoja wa Uingereza, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, ameuza nyimbo dunia nzima na stori zake za warembo zimejaza magazeti tangu miaka ya 1970. Mwaka 2019 akatoa siri ambayo wengi hawakuitegemea. Kwa miaka 23 alikuwa anajenga nyumbani kwake mji mzima wa treni ndogo, una maghorofa, madaraja, mitaa na taa. Akienda ziara ya muziki anachukua chumba cha ziada hotelini. Unaweza kudhani ni cha mambo yale. Kumbe mle ndani kuna gundi, rangi na brashi, mzee anajenga vighorofa.

Ukisikia hivyo unasema huo ni utoto wa matajiri. Ngoja kwanza.

Ndani ya dunia hiyo ya treni ndogo kuna kundi jingine, ambalo kuangalia treni ikizunguka meza hakuwatoshi. Hao wanaalikana nyumbani jioni, wanagawana kazi, halafu wanaendesha reli nzima kwa ratiba kama watu walioajiriwa. Na ukizisoma sheria za mchezo wao unakuta ni kazi ileile ambayo watu wa Tabora wameifanya usiku na mchana tangu 1912. Tofauti ni kwamba wa sebuleni wanapigwa picha kwenye magazeti. Wa Tabora wengi wao hata majina hatuyajui.

Mchezo wenyewe ukoje

Mwenye nyumba ana reli ndogo iliyozunguka chumba kizima. Ukubwa unaopendwa sana ni wa 1 kwa 87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Kwa kipimo hicho, ukitaka kuijenga Reli ya Kati yote kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, kilomita 1,250 na ushee, utahitaji chumba chenye urefu wa kilomita 14. Kwa hiyo watu wanachagua stesheni chache tu, zile zenye kazi.

Wageni wanafika, wanasalimiana, kila mmoja anapewa nafasi yake. Huyu dereva. Yule mkuu wa stesheni. Mwingine anakaa yadi kupanga mabehewa. Mmoja anawekwa chumba cha pembeni ambako treni hata moja haioni, ana karatasi, kalamu na simu tu, na huyo ndiye anayeamua nani apite na nani asubiri.

Saa ya ukutani nayo wanaichezea. Wanaiendesha haraka, mfano mara 4, ili siku nzima ya reli iishe ndani ya masaa 6. Kila behewa lina kikadi chake kinachosema limebeba nini, linatoka wapi na linashushwa wapi. Ukilisahau behewa la saruji kwenye stesheni isiyo yake, jioni hiyo hutaachwa salama kwa utani.

Aliyeanza kuusemea sana mtindo huu huko Marekani, miaka ya 1930 na 1940, alikuwa jamaa mmoja wa New Orleans aliyekuwa amepitia kazi ya maigizo ya jukwaani. Yeye aliichukulia reli yake kama igizo. Treni ni waigizaji, ratiba ndiyo mchezo wenyewe ulioandikwa, na kila treni inaingia jukwaani ikiwa na sababu ya kuingia. Treni isiyo na kazi ya kufanya, kwake ilikuwa kelele tu.

Uingereza kulikuwa na kasisi wa Kianglikana aliyeendesha reli yake kwa ratiba akisaidiwa na mwanawe. Mtoto alipokuwa hayupo mchezo ukawa hauendi, maana upande wa pili hakuna wa kujibu kengele. Kasisi akaunda mashine ya kujibu badala ya kijana wake, na akaipa jina la kijana huyohuyo.

Na hii sasa ni ya wanaoshinda kwenye kompyuta. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani walianzisha klabu ya treni ndogo. Chini ya meza yao walifunga mitambo iliyotoka kwenye simu za zamani ili treni nyingi ziendeshwe kwa wakati mmoja bila kugongana. Kazi ya kubuni ujanja huo waliiita "hack", neno likaingia kwenye kamusi yao ya klabu mwaka 1959, kisha wengi wao wakahamia kwenye kompyuta za mwanzo za chuo wakiwa na neno lao. Yaani neno "hacker" unalolisikia kila akaunti ya staa ikiibiwa limepitia chini ya meza ya treni za kuchezea.

Kwa nini wanapenda njia moja

Hapa ndipo stori inapoelekea kwetu.

Wachezaji wengi wa mtindo huu wanaupenda mchezo zaidi pale reli inapokuwa na njia moja. Njia mbili ni rahisi, wa kwenda anakwenda na wa kurudi anarudi. Kwenye njia moja treni mbili zinazokutana uso kwa uso hazina pa kukimbilia. Lazima zikutane stesheni, kwenye njia ya kupishana, moja iingie pembeni ingoje nyingine ipite. Utamu wote uko hapo, nani angoje na angoje wapi.

Reli ya Kati ilijengwa hivyohivyo. Wajerumani walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Njia moja, upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Waingereza walipochukua nchi wakaongeza tawi kutoka Tabora kwenda Mwanza, likafika ziwani mwaka 1928. Baadaye likaja tawi jingine linaloanzia Kaliua, magharibi ya Tabora, kwenda Mpanda kulikokuwa na madini ya risasi.

Angalia ramani hiyo vizuri. Kila kitu kinakutana Tabora. Mzigo wa Mwanza, abiria wa Kigoma, mabehewa ya Mpanda, wote wanapita mlango mmoja. Aliyewahi kusafiri na treni ya bara anaujua usiku wa Tabora. Treni ndefu iliyotoka Dar inafika, inakatwa vipande, behewa hili linavutwa kule, lile linarudishwa huku, kichwa kinapita na kurudi kikipiga honi. Wewe umelala, unashtuka behewa limegongwa "gwa!", unachungulia dirishani unamuona mtu na taa yake gizani. Unalala tena. Asubuhi uko njia ya Mwanza na jirani yako wa jana yuko njia ya Kigoma.

Yule mtu wa taa hukumuuliza jina. Hakuna anayeuliza.

Karatasi moja, roho za watu

Utaratibu wa kale wa njia moja ni mwepesi kuusimulia, mgumu kuuishi. Kati ya stesheni mbili inaruhusiwa treni moja tu. Mkuu wa stesheni ya kwanza haruhusu treni itoke kwa kuwa anaona njia ni nyeupe. Anapofikia macho yake ni pafupi, na stesheni ya pili ipo kilomita nyingi mbele, porini, miombo kushoto na kulia. Kwa hiyo anauliza kwa waya, zamani kwa mlio wa telegrafu, baadaye kwa simu: njia iko wazi?

Yule wa mbele kabla hajajibu anatakiwa awe na uhakika kwamba treni iliyotangulia imefika, na imefika yote. Sehemu hii watu wengi hawaijui. Behewa la mwisho huwekwa alama, mchana kibao na usiku taa. Mkuu wa stesheni anaitafuta alama hiyo kwa macho. Asipoiona maana yake kuna mabehewa yamekatika na yamebaki njiani gizani. Akisema "wazi" hapo ameua watu.

Akiridhika anajibu. Yule wa kwanza anaandika karatasi ya ruhusa, anampa dereva mkononi. Bila karatasi hiyo dereva haondoi treni hata abiria wapige kelele namna gani.

Sasa fikiria. Mamia ya watu wamelala ndani ya mabehewa, na kilichowalinda ni maneno ya watu wawili ambao pengine hawajawahi kuonana uso kwa uso, wanajuana kwa sauti ya simu tu. Mmoja akisinzia, akilewa, au akijibu "wazi" kwa mazoea, imekula kwao.

Sebuleni ukikosea, treni mbili zinakutana pua kwa pua katikati ya stesheni, wageni wote wanaangua kicheko, mwenye nyumba ananyanyua moja kwa mkono anairudisha nyuma. Mwisho wa mchezo mnakula, mnazungumzia nani alikosea wapi.

Kwenye reli ya kweli hakuna mkono wa kunyanyua. Juni 24, 2002, mkoani Dodoma karibu na Igandu, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,200 ilikuwa inapanda mlima, breki zikashindwa, ikaanza kurudi nyuma yenyewe kwa kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Familia nyingi za Dodoma, Tabora, Kigoma na Mwanza mpaka leo zikisikia tarehe hiyo zinanyamaza.

Ukiipima siku ile ndipo unapata hesabu ya siku nyingine zote. Tangu 1912 ni maelfu na maelfu ya usiku ambapo treni ilifika na gazeti halikuandika kitu, kwa sababu hakuna habari katika treni kufika. Kila usiku wa namna hiyo kulikuwa na mtu Itigi, mtu Tabora, mtu Urambo, ameangalia alama ya behewa la mwisho kabla hajafungua mdomo.

Kabla ya reli walikuwepo wengine

Tabora haikuanza kuendesha safari za watu wakati chuma kilipofika. Karne ya 19 ndiyo ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka pwani, Bagamoyo, unapita Ugogo unafika Unyanyembe, hapo njia zinagawanyika: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kuelekea ziwa kubwa. Ukiitazama reli utaona imefuata mgawanyiko uleule.

Misafara nayo ilikuwa na sheria zake. Mbele alitembea kirangozi na bendera, nyuma yake mstari mrefu wa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama kilo 30. Kulikuwa na ngoma na pembe la kupulizwa kutoa ishara ya kuondoka na ya kupumzika. Na njia inapogawanyika, wa mbele waliifunga ile isiyo sahihi kwa kulaza tawi la mti au kuchora mstari chini, ili wa nyuma wasipotee. Mtu wa reli akisikia hiyo anacheka tu, maana kazi ya kufunga njia hii na kufungua ile aliyokuwa anaifanya kwa chuma kizito, babu yake aliifanya kwa tawi.

Njia kufungwa nako hakukuanza na mafuriko ya Kilosa. Mwaka 1871 Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kwenda Ujiji ilifungika. Msafara mmoja mashuhuri uliokuwa unamtafuta Livingstone ukalazimika kuzunguka kusini ili ufike.

Wazungu wawili wa mwanzo waliokuja kutafuta maziwa walitumia zaidi ya miezi 4 kutoka pwani mpaka Tabora, wakafika Novemba 1857. Majina yao yapo kwenye kila kitabu cha historia ulichofundishwa shule. Wapagazi waliowabebea mpaka vitanda, wengi hawana jina popote. Reli ilipokuja miezi ikawa siku, ila mtindo wa kusahau majina ulibaki vilevile.

Walipoweka kazi chini

Wenye kazi hiyo walionekana wazi siku walipoiacha. Wakati wa mkoloni, nafasi za juu relini walishika Wazungu, za katikati mara nyingi Wahindi, na Mwafrika aliachiwa kazi nzito na mshahara mwepesi. Mwaka 1960 wafanyakazi Waafrika wa reli Tanganyika waligoma, na mgomo wao ulichukua zaidi ya miezi 2. Mwaka mmoja kabla ya uhuru nchi nzima ikaelewa kwamba kichwa cha treni hata kiwe na nguvu vipi hakijiwashi, hakijipi ruhusa na hakijifungulii njia.

Baada ya hapo mabosi wamebadilika mara nyingi. Shirika la reli la Afrika Mashariki likavunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, likaja TRC, ikaja TRL na mwekezaji kutoka India, ikarudi TRC tena mwaka 2017. Nembo kwenye mabehewa zikapakwa rangi juu ya rangi. Mtu wa taa pale yadi Tabora aliendelea kushika taa.

Na stesheni ziliishi kwa kusubiri huko kwa kupishana. Treni ikiingia pembeni kungoja mwenzake, hapo ndipo mama wa karanga anauza, kijana wa asali anapitisha dumu dirishani, embe za Tabora zinabadilishana na noti. Abiria analalamika treni imechelewa. Mama wa karanga anaomba ichelewe kidogo tena.

Sasa inakuja ya umeme

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma kabla ya mwaka kuisha, na kipande cha kutoka Makutupora kwenda Tabora kinajengwa. Kule ruhusa haiji kwa karatasi. Dereva anaiona kwenye skrini mbele yake, na akizidisha mwendo au akitaka kupita asipoambiwa, mfumo wenyewe unashika breki. Ni hatua kubwa, na baada ya Igandu hakuna mwenye akili atakayesema turudi kwenye karatasi.

Ila kuna kitu kinaondoka taratibu. Wazee waliojua kutambua stesheni nzima kwa sauti ya mtu kwenye simu wanastaafu, wengine wameshazikwa. Huko Marekani na Ulaya, kazi kama yao ilipoisha, wastaafu walialikwa kwenye sebule za wacheza treni ndogo wakawafundisha sheria za kweli. Kwa hiyo sheria hazikufa, zilihamia mezani. Za Tabora ziko vichwani mwa wazee waliokaa barazani Cheyo na Ng'ambo wakinywa kahawa.

Na mchezo huu hauhitaji pesa za mwimbaji wa Uingereza. Alika wenzako wanne Jumamosi. Mmoja awe Itigi, mwingine Tabora, mwingine Urambo, mwingine Kaliua, kila mtu chumba chake au kona yake. Mabehewa ni maboksi ya viberiti, kila moja na kikaratasi cha mzigo na mahali linapokwenda. Mjumbe mmoja anayabeba kutoka stesheni hadi stesheni, yeye ndiye treni. Sheria ni moja: hakuna treni kutoka mpaka umeuliza kwa simu, umejibiwa, umeandika karatasi. Mpeni kila mmoja treni 3 za kupitisha ndani ya saa moja. Nusu saa haitaisha mtu hajapiga kelele "nani kasema wazi?"

Hapo sasa mpigie yule babu au mjomba aliyekuwa relini. Usimuulize historia ya reli, atakutajia miaka tu. Muulize usiku aliowahi kukataa kuruhusu treni, na kwa nini. Ukipata jibu, lidondoshe hapo chini, na jina lake uliandike kamili kama mwenyewe ataridhia.